Vigae vya Tana Havisemi Nani Alitangulia

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliingia ofisini akiwa na karatasi iliyopigwa chapa kwa rangi za kupendeza. Ilikuwa na picha ya vijana wa Ulaya waliopiga magoti mchangani katika nchi ya jangwa, kofia pana vichwani, brashi mikononi. Chini ya picha palikuwa na mwaliko kwa yeyote apendaye kujitolea kwenda kuchimbua mji wa kale. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, kiasi cha fedha ambacho huyo wa kujitolea angepaswa kulipa. Binti huyo alitaka nimwandikie barua ya kumpendekeza. Nilimwuliza kwao ni wapi. "Garsen, Mwalimu," akajibu. Nikamwuliza kama amewahi kufika Ungwana. Akatabasamu kwa haya. Amesikia kwamba yako magofu huko Kipini, lakini hajapata kwenda, na shuleni hakutokea mtu wa kuwapeleka.

Barua niliiandika, kwani si haki kumfungia mwana mlango wa dunia. Hata hivyo, alipoondoka nilibaki na fadhaa moyoni. Kutoka Garsen hadi Kipini ni safari isiyomaliza siku. Huyu alikuwa tayari kuvuka bahari na kukopa fedha ili akakwangue mchanga wa mababu wa watu wengine, ilhali mchanga wa kwao hajaukanyaga kwa nia ya kuuliza. Makala haya ni barua ya pili, ambayo nilipaswa kumwandikia siku ile ile.

Msomaji asiyelijua eneo hilo na alielewe kwanza. Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Ukishateremka kutoka nyanda za juu hupita katikati ya nyika kavu, Garissa, Hola hadi Garsen, kisha hutanuka na kuwa delta kabla ya kuingia baharini karibu na Kipini. Ukingoni mna miembe, migomba na mashamba ya mpunga. Ukitoka mtoni kwa mwendo mfupi tu, unakutana na miiba, vumbi na njia za mifugo. Wapokomo hulima na kuvua. Waorma na Wawardei hufuga. Wako pia Wailwana, ambao wengine huwaita Wamalakote, na Wamunyoyaya, na Waata, na Waswahili wa pwani. Mto wenyewe haukai mahali pamoja. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha na Mto Ozi, na maji ya Tana yakavutwa kuelekea Kipini. Kwa hiyo mahali palipokuwa kijiji chenye maji karne nyingi zilizopita huenda leo pakawa kichuguu katikati ya malisho.

Wataalamu hawakulisahau eneo hili. James Kirkman, yule aliyechimbua Gedi, aliyachimbua pia magofu ya Ungwana katika miaka ya 1950, na kitabu chake juu ya mji huo kikatoka mwaka wa 1966. Baadaye Mkenya George Abungu, ambaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Taifa ya Kenya, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge juu ya jamii za Mto Tana na uhusiano baina ya delta na bara. Hapo ndipo swali lilipogeuka. Watangulizi walikuwa wakiitazama miji ya pwani kama kwamba ilishuka kutoka majahazini. Wafuasi wao walianza kuuliza miji hiyo ilikula nini, na chakula hicho kililetwa na nani kutoka juu mtoni.

Nayasema haya si kwa kusimuliwa tu. Miaka michache baada ya machafuko ya 2012, mimi mwenyewe, mwanaisimu nisiyejua hata kushika sururu sawasawa, nilijitolea kwa majuma matatu katika uchimbuzi mdogo kusini mwa Garsen, kwenye kilima cha udongo kando ya mkondo uliokauka. Sikulipwa wala sikulipa. Nililala hemani, nikala ugali kwa samaki wa mtoni, na nikaumwa na mbu ambao sijapata kuona wenzao.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa mwiko. Sisi walimu wa lugha hatuwezi kupewa kitu tusilitafune jina lake. Mwiko ni wa kupikia. Mwiko ni wa mwashi. Na mwiko ni jambo lililokatazwa. Kwa mchimbuaji, maana ya pili na ya tatu hukutana, kwa maana kifaa anachokitumia ni mwiko wa mwashi, na ni mwiko kukitumia kwa pupa. Ardhi hugawanywa kwa kamba katika miraba. Udongo hukwanguliwa tabaka baada ya tabaka, na kwa kawaida lililo chini ndilo la kale zaidi. Kila kitu kinachojitokeza huandikwa mraba wake na kina chake kabla ya kuinuliwa. Udongo hubebwa kwa karai hadi kwenye chekeche, na humo husalia miiba ya samaki, mifupa, ushanga, mavi ya chuma, na vigae, vigae, vigae.

Nilijifunza upesi kwa nini mtu hakemewi kwa uvivu bali kwa haraka. Kigae kilichookotwa bila kuandikwa mahali pake ni sawa na neno lililong'olewa katika sentensi. Unaweza kulitamka, lakini huwezi kuapa lilimaanisha nini. Mtu anayechimba usiku akitafuta dhahabu ya Wareno haibi kitu kimoja tu, bali huifuta sentensi nzima.

Na vigae hivyo vina habari kubwa. Uko ufinyanzi wa takriban karne ya 7 hadi ya 10 ambao mabegani na shingoni mwa vyungu una pembetatu zilizochanjwa na kujazwa mistari. Vipande vyake vimeokotwa kutoka pwani ya Kenya ya kaskazini hadi Msumbiji na visiwa vya Komoro. Mwanaakiolojia Mark Horton aliupa jina la mapokeo ya Tana, kwa kuwa mifano iliyojulikana mapema ilitoka katika bonde la mto huu. Mtanzania Felix Chami alipendelea jina linalotokana na hizo pembetatu, kwani hakutaka asili ya ufinyanzi mzima ifungwe kwenye mto mmoja. Mjadala huo haukuwa wa maneno matupu, maana anayekipa kitu jina hukipa na kwao. Lakini angalia, mwalimu mwenzangu: jina la Tana limesomwa katika vyuo vikuu vya dunia kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtoto wa Garsen hulijua kama jina la mto unaofurika tu.

Jioni moja mama mmoja mzee alikuja chekecheni kuuza mayai. Nilikuwa nikitenganisha vigae: vyenye mapambo huku, visivyo na mapambo kule. Alivitazama kwa muda, kisha akaokota kimoja katika rundo la visivyo na mapambo, ambalo kwangu lilikuwa la kuhesabiwa na kusahauliwa. Akakisugua ndani kwa kidole gumba.

"Mwanangu," akasema, "hiki mbona umekitupa na vya maji? Hiki kimekula moto."

Akanionyesha weusi uliokwisha kufa ndani ya udongo, na mdomo uliopinda kwa nje ili kifuniko kikae. Mtungi wa maji, alisema, haupindwi hivyo. Mimi, mwenye shahada tatu, nilikuwa nimeketi mbele ya jiko la watu nisilione. Kesho yake nilimfuata nyumbani na daftari, nikaandika kwa Kipokomo majina ya vyungu na sehemu zake, namna ya kuchagua udongo na namna ya kuuchoma. Nikamwahidi kwamba orodha hiyo nitairudisha ikiwa imepigwa chapa, wajukuu wake waisome.

Siku chache baadaye alikuja mzee mfugaji, akasimama na fimbo yake kwenye ukingo wa shimo. Upande wa pili walikuwa vijana wa wakulima waliokuwa wakitusaidia kuchimba.

"Mwalimu," akaniita, "sema kweli. Huko chini mmeona nani alitangulia?"

Makarai yalisimama. Hakuna aliyecheka. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya mia moja waliuawa katika delta hiyo, wakiwamo wanawake na watoto, katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Ardhi, maji na siasa ndivyo vilivyowasha moto; lakini kuni zilikuwa swali hilo hilo la nani mwenyeji na nani mgeni. Mzee hakuwa akiuliza kwa ajili ya elimu. Nilijibu kwamba kazi bado inaendelea. Lilikuwa jibu la mwoga, na deni lake nataka kulilipa leo.

Jibu la kwanza ni la udongo. Katika tabaka moja tuliokota miiba ya samaki pamoja na meno ya ng'ombe. Jino la ng'ombe halina kabila. Halisemi kama mwenye ng'ombe alikuwa jirani aliyekuja kubadilishana nyama kwa nafaka, au kama mvuvi alifuga, au kama mfugaji alioa kwa wavuvi. Linasema tu kwamba vyote viwili vililiwa mahali pamoja. Shimo linaweza kutuambia watu waliishije. Haliwezi kumpa mtu yeyote hati ya kumiliki shamba, na anayelitumia hivyo analisemea uongo.

Jibu la pili ni la lugha, na hapa naomba nisimame katika uwanja wangu. Kipokomo, Kiilwana, lugha za Kimijikenda, Kiswahili na Kikomoro ni ndugu wa tumbo moja. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walieleza nasaba yao kwa kirefu katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1993. Undugu huo haupimwi kwa maneno kufanana kwa bahati, bali kwa sauti zinazotofautiana kwa utaratibu. Unguja husema *macho*, Lamu husema *mato*, Mgiriama husema *matso*. Tofauti ya namna hiyo ikijirudia katika neno baada ya neno, tunajua kwamba tunatazama lugha moja ya kale iliyoachana njia.

Jina walilopewa ndugu hao ni Kisabaki, kutokana na Mto Sabaki ulio kusini mwa Tana, karibu na Malindi. Sasa fuata mto huo kwa kupanda. Sehemu ya juu yake si Sabaki tena, ni Galana. Na *galaana* kwa Waoromo, ambao Waorma ni ndugu zao, ni neno la maji makuu. Hata mto uliotoa jina la ukoo wetu wa Kibantu, jina lake la pili ni la wafugaji.

Kiilwana kinatoa ushahidi mzito zaidi. Ni lugha ya Kibantu, lakini Nurse alionyesha katika utafiti uliotoka mwaka wa 2000 jinsi ilivyobadilishwa kwa kina na Kiorma. Lugha haibadiliki hivyo kwa watu kupigana mikuki kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Hubadilika kwa kuishi pamoja, kwa kufanya biashara, kwa kulelewa na mama wa lugha nyingine. Sisemi kwamba mahusiano hayo yalikuwa ya usawa au ya amani siku zote. Lugha hubeba pia alama za ubabe. Nasema kwamba yalikuwapo, ya karibu na ya muda mrefu. Na kwa wale wanaong'ang'ania mshindi wa mbio hizi, nawakumbusha Wadahalo, watu wachache wa bara ya Lamu. Lugha yao ni ya Kikushi, lakini imehifadhi sauti za kidoko, ambazo wataalamu wengi huziona kuwa urithi wa lugha ya wawindaji waliokuwapo kabla. Pengine basi waliotangulia ni wale ambao hakuna anayewauliza lolote katika vikao vya ardhi.

Jibu la tatu limekuja hivi karibuni. Mwaka wa 2023 ulichapishwa uchunguzi wa chembe za urithi kutoka makaburi ya kale ya pwani, yakiwamo ya Manda na Mtwapa. Ulionyesha kwamba watu wengi waliochunguzwa walichanganya nasaba ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na nasaba ya Asia, kubwa yake ya Uajemi, hasa kwa upande wa akina baba. Kwa mwanaisimu, jambo hili linaeleza mengi. Wageni walikuja, wakaoa, wakaleta dini na maneno. Lakini watoto walisema lugha ya mama zao, nayo ndiyo tunayoandikia gazeti hili.

Haya yote ningeweza kumweleza yule mzee hapo hapo shimoni, kwa lugha nyepesi. Kwa nini sikumweleza? Kwa sababu hatukuwa tumejipanga kumjibu mtu. Siku ya mwisho masanduku yalipakiwa kwenye lori, shimo likafukiwa, tukapeana mikono. Vijana waliochimba walilipwa ujira wao wa siku. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, na mpaka leo sijasikia kwamba nakala yake imefika katika kijiji hicho. Wala siwanyoshei wengine kidole pekee yao. Orodha ya yule mama ilikaa katika daftari langu miaka yote hiyo. Nami ni katika wale waliochukua wasirudishe.

Watu wa Tana wana sababu ya kuwa na wasiwasi na wachukuaji. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ilitwaliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu mwaka wa 1908 imehifadhiwa katika jumba la British Museum, London. Wimbo wetu wa taifa ulipata lahani yake kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Taifa zima husimama wima kwa sauti iliyotoka Tana, kisha likakaa chini bila kuuliza Tana imebaki na nini.

Wako watakaosema kwamba uchimbuzi ni kazi ya wataalamu. Ni kweli, na sheria yetu ya mwaka wa 2006 juu ya makavazi na urithi hairuhusu mtu kuchimbua bila leseni. Lakini utaalamu haukuanzia darasani kwa kila mtu. Kama ni jangwa tunalolitaka, tunalo Turkana, na huko mwaka wa 1984 Kamoya Kimeu ndiye aliyeona kipande kidogo cha fuvu kilichoongoza kwenye mifupa ya yule anayeitwa Kijana wa Turkana, mwenye umri wa miaka kama milioni moja na nusu. Kimeu, aliyefariki mwaka wa 2022, aliingia katika kazi hiyo kama kibarua. Wala kujitolea si jambo geni pwani. Horton alipoanza kuchimbua Shanga, kisiwani Pate, mwaka wa 1980, alisaidiwa na vijana wa msafara wa Operation Drake waliotoka nchi mbalimbali. Huko ulifunuliwa mfululizo wa misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8, wa kwanza ukiwa wa miti. Wageni walijitolea kwetu. Wetu je?

Kwa walimu wa Garsen, Ngao, Kipini na Hola, nina mambo matatu ya kupendekeza, na hakuna hata moja linalohitaji sururu.

La kwanza ni kuandika. Kila mwanafunzi akimwuliza mzee mmoja majina ya vichuguu, mikondo iliyokufa, malisho na visima, na sababu ya majina hayo, darasa moja litakuwa limekusanya kwa likizo moja kile ambacho mtafiti mgeni hawezi kukipata kwa mwaka. Majina haya hufa na wasemaji wake, na mafuriko hayayafukui tena.

La pili ni kutembea na kutazama. Nendeni Ungwana kwa idhini ya Makavazi. Pimeni kuta kwa hatua, chorezeni mihirabu, andikeni ni wapi mizizi inapasua jiwe na ni wapi matumbawe yameng'olewa kwenda kujengea. Msiokote kitu. Mkiona kigae, kiacheni kilipo, mwandike mahali pake na kuwaarifu wanaohusika.

La tatu ni gumu zaidi nalo ndilo lenye faida kubwa. Makundi hayo yasiwe ya watoto wa wakulima pekee yao wala ya watoto wa wafugaji pekee yao. Chekeche lina pande mbili za kushika. Mmoja akilitikisa peke yake udongo humwagika. Vijana wakijifunza kuuliza pamoja waliishije, huenda wakachoka kuuliza nani alitangulia.

Nasi wa vyuo vikuu tuna wajibu wetu. Hakuna uchimbuzi unaopaswa kuhesabiwa kuwa umekwisha kabla ya ripoti yake kusomwa barazani kwa Kiswahili, kwa Kipokomo na kwa Kiorma, mbele ya waliobeba makarai. Na wale waliobeba makarai wafunzwe pia kuandika lebo, ili mwaka unaofuata washike daftari.

Likizo ijayo nakwenda Garsen na nakala za orodha ile, ambayo hatimaye nimeipiga chapa. Sijui kama nitamkuta yule mama. Nisipomkuta, nitawapa wajukuu zake, nao wanisahihishe pale nilipokosea. Yule mwanafunzi wangu nimemwambia aje; nauli si kubwa, na kofia pana anayo tayari.